Rahisi Huvunja Upishi

Juma hili tuzungumze juu ya chombo ambacho hakikosekani katika nyumba za kambini wala katika laini za polisi, nacho ni jiko la makaa, au sigiri kama wengi wetu tunavyoliita. Mshahara wa askari ni ule ule kila mwezi, lakini bei ya makaa hupanda mvua inaponyesha na barabara zinapoharibika. Mwenye kubeba uzito wa hesabu hiyo ni mama wa nyumba. Gunia lililonunuliwa mwanzo wa mwezi huisha kabla ya tarehe 20, na siku zilizobaki hununuliwa makaa ya mkebe, ambayo ukiyajumlisha hushinda gunia kwa ughali. Wataalamu wa vyuo vikuu wamelichunguza jiko hili kwa muda wa miaka 40 na zaidi, na waliyoyagundua yanastahili kufika jikoni.

Kwanza tutazame joto lenyewe linakokwenda. Mwaka 1995 Daniel Kammen, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, alieleza kwamba jiko la bati tupu hufikisha sufuriani asilimia 10 hadi 20 tu ya joto la makaa. Maana yake ni kwamba ukinunua mikebe kumi ya makaa, minane au tisa huunguza hewa, na miwili au mmoja ndio upikao ugali. Jiko lililowekwa udongo wa kuchomwa kwa ndani hufikisha asilimia 25 hadi 40.

Siri ya tofauti hiyo imo katika tabia ya vitu. Bati hupitisha joto upesi. Ndiyo sababu ubavu wa sigiri ya bati humchoma mtoto anayeugusa. Udongo wa mfinyanzi ukishachomwa hupitisha joto polepole, nao huyazuia makaa yasipoteze ukali wake ubavuni, hata joto likapanda juu kwenye chungu. Lakini udongo na bati haviishi pamoja kwa urahisi. Vyote viwili hutanuka vikipata moto, ila bati hutanuka zaidi kuliko udongo, na hapo ndipo nyufa hutokea.

Tatizo hilo liliwashughulisha sana wataalamu na mafundi wa Kenya. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mjini Nairobi mkutano mkubwa juu ya nishati mpya na zenye kujirudisha, na katika miaka iliyofuata wakatengeneza jiko jipya kwa kufuata mfano wa jiko la ndoo kutoka Thailand. Majiko ya kwanza yalikuwa mazito, na udongo wake ulipasuka. Baada ya majaribio likapatikana umbo lenye kiuno chembamba katikati, mithili ya ngoma. Udongo ulikaa sehemu ya juu peke yake, ukashikizwa kwa saruji iliyochanganywa na madini mepesi yaitwayo vemikulaiti. Hapo mwanzo jiko hilo liliuzwa karibu dola 15, lakini mafundi wa jua kali walipojifunza kulitengeneza kwa wingi, bei ikashuka sana. Hata kufikia katikati ya miaka ya 1990, mamia ya maelfu ya majiko hayo yalikuwa yakitumika nchini humo.

Kwetu Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kina kituo cha utafiti wa nishati kilichoanzishwa mwaka 2001, ambacho hupima majiko katika maabara yake. Namna mojawapo ya kupima yafahamika hata kwa asiyesoma: makaa hupimwa kwa mizani, maji yaliyopimwa huchemshwa, kisha hutazamwa makaa kiasi gani yameteketea. Nawe waweza kufanya kipimo kama hicho nyumbani. Tia mkebe mmoja wa makaa katika jiko lako na mkebe mwingine katika jiko la jirani, mpike maharage ya kiasi kimoja katika sufuria zinazolingana, na macho yenu yatakuwa mashahidi.

Sasa huenda msomaji akauliza: ikiwa faida iko wazi hivyo, mbona nyumba nyingi zingali na sigiri ya bati? Wapo wanaojibu haraka kwamba watu hawajui, au kwamba akina mama hawapendi mageuzi. Wataalamu wawili wa uchumi, Susanna Berkouwer na Joshua Dean, hawakuridhika na jibu hilo, wakaenda Nairobi kuchunguza familia 1,000. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2022 yanafaa kusomwa na kila mwenye kupokea mshahara. Jiko bora walilolitumia liliuzwa dola 40. Waliolipata walipunguza gharama ya makaa kwa asilimia 39, yaani katika kila shilingi 100 zilizokuwa zikienda kwa muuza makaa, 39 zilibaki nyumbani. Kwa miaka miwili ya uhai wa jiko, familia iliokoa dola 237. Kwa hesabu hiyo, jiko lilirudisha gharama yake kwa miezi minne hivi.

Hata hivyo, familia zilikuwa tayari kutoa dola 12 tu. Zilipokumbushwa na kueleweshwa faida ya jiko, hazikuongeza kitu. Lakini zilipopewa mkopo wa kulipwa kidogo kidogo, kiasi zilichokuwa tayari kulipa kiliongezeka zaidi ya maradufu. Basi ujinga haukuwa kikwazo. Kikwazo kilikuwa kukosa fedha za mkupuo mmoja. Maskini hununua cha rahisi akijua kwamba kitamgharimu zaidi, kwa kuwa mkononi hana zaidi ya hicho. Hapo ndipo wahenga waliposema rahisi huvunja upishi.

Nasi wa kambini tunayo nafasi ambayo wengi hawanayo, kwa kuwa mshahara wetu huingia siku moja. Wake wa askari kumi wakikubaliana kutoa kila mwezi sehemu ya kumi ya bei ya jiko, kila mwezi nyumba moja itapata jiko bora, na mwezi wa kumi hakuna atakayekuwa amebaki nyuma. Aliyetangulia kulipata atoe mchango wake katika fedha anazookoa kwenye makaa. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini kununua si mwisho wa kazi. Katika jimbo la Odisha, nchini India, watafiti walizifuatilia kwa muda wa hadi miaka minne familia zilizopewa majiko ya kuni yaliyofanya vizuri katika maabara. Mwaka wa kwanza moshi waliovuta ulipungua. Baadaye faida ikatoweka, kwa sababu majiko hayakutumiwa daima wala hayakutunzwa. Kwa hiyo, mama, usizime jiko la udongo kwa maji, kwani udongo wa moto hupasuka. Funika makaa kwa majivu. Usiyaponde makaa ndani ya jiko. Makaa yakishakolea, punguza mlango wa hewa. Ufa mdogo uzibe kwa udongo mapema, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jambo la mwisho ni la uhai. Hakuna jiko la makaa, hata liwe bora namna gani, lisilotoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Msilale na jiko linalowaka ndani ya chumba kilichofungwa, hata usiku wa baridi kali. Wazazi waambieni watoto, na askari anayerudi zamu usiku akague jikoni kabla ya kulala.