Njia ya Misafara Isimezwe na Shoka

Sisi wa visiwani tunapoitaja Tabora, aghalabu hukumbuka pembe za ndovu, wapagazi na masimulizi ya misafara. Ni wachache wetu wanaojua kwamba njia ile ilipita katika misitu ya miombo, na kwamba misitu hiyo, kila mwaka kabla ya mvua za Novemba, hugeuka bustani.

Mwezi wa Oktoba, ardhi ya Unyamwezi ikingali kavu na vumbi limetanda, mitundu huchipua majani mekundu kama shaba, nayo mininga hujivika maua ya manjano. Tumepata kuitembea njia hiyo pamoja na rafiki zetu, kutoka Chemchem, mjini Tabora, hadi Kwihara, mwendo wa asubuhi moja. Tuliwasikia hondohondo wakiitana, tukawaona tumbili wakivuka njia, na vimaua vya mwituni vikichomoza katika majivu ya nyasi zilizoungua. Nyuki, walioupatia mkoa huo sifa ya asali, walikuwa wamejaa matawini. Tulipumzika chini ya miembe mikongwe, na kwa hakika tulifurahi.

Hata hivyo, uzuri huo usitusahaulishe. Njia hiyo, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,200 kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, ilikanyagwa na Wanyamwezi waliobeba mizigo kwa ujira, na pia na watumwa waliofungwa minyororo, ambao wengi waliishia katika soko la Unguja, lililofungwa mwaka 1873. Ni Kwihara hapo ambapo Livingstone alikaa miezi kadhaa mwaka 1872 akingojea wapagazi kutoka pwani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, njia ya miguu ikaanza kusahauliwa.

Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hiyo katika orodha ya awali ya mahali panapopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia, na Kwihara imo. Hatua hiyo inastahili pongezi, lakini orodha haizuii shoka. Miombo inakatwa kwa ajili ya mkaa, mashamba na kuni za kukaushia tumbaku. Hatumlaumu mkulima anayetafuta riziki yake. Tunasema tu kwamba mwembe ukishaangushwa, hakuna tena wa kumwonyesha mpita njia mahali msafara ulipotua.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wanaohusika na misitu na mambo ya kale, pamoja na Manispaa ya Tabora, waihesabu miembe iliyosalia, waweke alama njiani, na wawape wakulima miche ya kuni ili miombo ipumue. Walimu nao wawapeleke wanafunzi kwa miguu wakati wa maua. Nasi wa visiwani, tunaowaonyesha wageni lilipokuwa soko la Mkunazini, tufunge safari tukaione njia waliyoletwa nayo waliouzwa hapo.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Wa njia hii walifanywa watumwa kwa nguvu. Sisi tusijifanye kwa kusahau.