Shoti ya Usiku Mnakata Mtu wa Desk, na Simu Mmelala Nayo

Wasee, leo hakuna skiti. Leo nina hasira ya shilingi 4,500, na nimekaa nayo karibu mwaka mzima.

Wale mmenifuata tangu mwanzo mnajua niliacha campus nikiwa mwaka wa pili, fees ilikataa tu. Kabla hizi video zianze kulipa hata bando, nilikuwa mapokezi kwa hoteli moja ya vyumba 34, hapo kati ya town na Ngara. Jina siitaji. Nilikuwa wa usiku. Unaingia saa mbili usiku, unatoka saa mbili asubuhi, siku sita kwa wiki, 18,000 kwa mwezi. Hayo masaa pigeni hesabu wenyewe.

Watu hudhani kazi ya usiku ni kukaa kwa kiti ukiscroll mpaka kuche. Manze. Mpaka saa sita uko na walevi wanaotaka kujua wewe mwenyewe unalala chumba gani. Kutoka saa saba unafunga siku, yaani unapiga hesabu ya kila chumba kilichouzwa, keshi kando, kadi kando, pesa ya simu kando, na lazima zikutane na kitabu kabla ya asubuhi. Katikati ya hesabu chumba 12 kinapiga, maji ni baridi. Chumba 27 wanataka kuamshwa saa kumi waende airport. Jikoni wanangoja uwaambie ni watu wangapi wa breakfast. Stima ikipotea ni wewe unaenda kuamsha mzee wa geti mwashe jenereta. Halafu alfajiri mabasi ya Kampala yanaanza kuingia na wafanyabiashara wanaoenda Gikomba na Eastleigh, wamechoka, wana mizigo, kila mtu anataka kitanda sasa hivi. Na wote wanakupata wewe peke yako. Mchana hiyo desk huwa na watu watatu.

Sasa, hela. Hoteli yetu ilikuwa na till, kama kila biashara Nairobi. Mteja analipa, meseji inaingia kwa simu ya till. Mchana hiyo simu iko hapo mezani. Saa mbili usiku meneja anaenda nyumbani, na anaenda nayo. Sababu ilikuwa usalama. Kwa hivyo usiku mtu akilipa kwa simu, meseji inalia kando ya kitanda cha mtu aliyelala Kitengela, na mimi Ngara naangalia simu ya mteja nikijaribu kusoma kama ni mkweli.

Usiku wenyewe ulikuwa wa Alhamisi. Saa tisa na dakika arobaini akaingia jamaa wa heshima, koti safi, begi moja, akaniita madam. Alitaka chumba cha watu wawili, 4,500. Akabonyeza simu yake hapo mbele yangu, akanigeuzia skrini. Jina la hoteli liko. Kiasi kiko. Code ya herufi na namba kumi iko. Nikampigia meneja, mara tatu. Haikushikwa, na simlaumu kwa hilo, alikuwa amelala kama binadamu. Nyuma ya huyo jamaa kulikuwa na familia ya watu watano imeshuka kwa basi, mtoto analia. Nikampa funguo.

Saa mbili asubuhi meneja akaja, akaangalia simu. Hiyo code haikuwa. Jamaa naye alikuwa ametoka saa kumi na mbili, amesalimia mzee wa geti vizuri kabisa.

Sikupigiwa kelele. Ningependa ningepigiwa kelele. Niliitwa ofisini, nikaambiwa, "Msichana wangu, hizi vitu hutokea, lakini lazima mtu alipe," nikapewa karatasi nisign kwamba nimekubali kukatwa. Nilisign. Nilikuwa na rent ya kulipa wiki hiyo, na nilijua nikikataa kuna CV arobaini kwa droo. Mwisho wa mwezi nikapata 13,500.

Nilikuja kusoma sheria baadaye, nikiwa nimeshaacha hiyo kazi, na hapo ndipo hasira iliingia vizuri. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu mwajiri kukukata shoti ya pesa. Ndiyo, inaruhusu, msidanganywe na watu wa comments. Lakini inasema hiyo shoti iwe imetokana na uzembe wako au kukosa uaminifu, na mkataba wako uwe umesema wazi kwamba umekabidhiwa kupokea na kutunza pesa. Mimi nilikuwa nimefanya hapo miezi saba na sikuwa na mkataba. Sheria hiyo hiyo inasema kazi ikifika miezi mitatu mkataba uandikwe, na wa kuuandaa ni mwajiri, si wewe. Kwa hivyo nilikatwa kwa nguvu ya karatasi ambayo haikuwahi kuwepo.

Tuseme mkataba ungekuwepo. Uzembe wangu ulikuwa upi? Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kuthibitisha malipo, na kilikuwa Kitengela. Ukimnyima mtu macho usiku, asubuhi ukamkata kwa sababu hakuona, hiyo si uzembe wake. Umeamua risk ya biashara yako ibebwe na mtu anayepata pesa kidogo zaidi kwenye jengo.

Najua wenye hoteli watasema nini, na hawako wrong yote. Watu wa usiku huiba. Nimefanya kazi na mmoja aliyekuwa akiuza chumba bila kukiandika, anatoa shuka mwenyewe, saa kumi na moja anatandika upya, anaweka 2,000 mfukoni. Mzee wa geti alijua, mimi nilijua, na sikusema. Kwa hivyo naelewa meneja anayeogopa kuacha simu. Lakini huyo aliyekuwa akiuza vyumba hakuhitaji simu ya till hata siku moja, alitumia keshi. Na simu ya till kusoma meseji ni kitu kimoja, kutoa pesa ni kingine. Bila namba ya siri siwezi kutoa hata bob. Kabambe moja ya kupokea meseji, ikae hapo desk, haifiki hiyo 4,500 waliyonikata. Wangeweza kununua mbili na chenji ya soda ibaki.

Kama hawataki simu, basi waseme usiku ni keshi na kadi tu, waandike mlangoni, mteja ajue. Kuna hoteli hufanya hivyo. Lakini hawataki kupoteza yule wa saa tisa usiku. Wanataka pesa yake ikiwa ya kweli na mshahara wangu ikiwa ya uongo.

Swali nimepata sana DM ni kama mtu achukue kazi ya usiku. Mimi sikuambii ukatae, mimi mwenyewe ilinilisha. Uliza tu, siku ya interview, simu ya till hulala wapi. Angalia uso wa meneja akijibu. Omba mkataba kabla ya mwezi wa tatu uishe. Na ukiletewa karatasi ya kusign saa mbili asubuhi, baada ya kukesha masaa kumi na mawili, sema utaisoma ukishalala. Piga picha. Ofisi ya leba haikulipishi kitu kupeleka malalamiko, na kuna KUDHEIHA, union ya watu wa hoteli, ambayo mimi nilijua iko baada ya kutoka. Hakuna mtu aliwahi kuitaja hapo desk, na nadhani si bahati mbaya.

Dada aliyechukua nafasi yangu alinitext wiki jana. Amekatwa 2,800, ni skrini tena, saa kumi na dakika kumi. Nikamuuliza kama simu siku hizi inabaki desk.

Akanijibu, "Bado huenda Kitengela."