Vinyago vyetu mnadani, mchongaji hana jina

Mkazi wa Kathonzweni, Kaunti ya Makueni, mwenye simu iliyounganishwa na intaneti anaweza leo kufungua mnada wa eBay na kutazama vinyago vya Afrika Mashariki vikishindaniwa bei: twiga, vifaru, wazee wenye bakora, wapiganaji wa Kimaasai na mikuki yao. Vingi ni vya mtindo ambao Mkamba hahitaji kuambiwa ulikotoka. Hata hivyo, maelezo chini ya picha huwa mafupi mno: sanamu ya mbao, Afrika, ya zamani. Ni nani aliyeichonga? Katika kijiji gani? Hayo mara nyingi hayasemwi.

Linganisha na bidhaa nyingine iliyo kwenye mnada uo huo. Ni visanamu vya askari, vyenye kimo cha kidole gumba, vinavyotumiwa huko Ulaya na Marekani katika michezo ya vita ichezwayo mezani. (Msomaji anayeifahamu sataranji aifikirie ikiwa na majeshi kamili, vilima na magofu.) Kampuni mashuhuri zaidi katika biashara hiyo ni Games Workshop ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1975, ambayo Desemba 2024 iliingia katika orodha ya kampuni 100 kubwa za soko la hisa la London. Kisanamu cha miaka ya 1980 kisichotengenezwa tena chaweza kuuzwa mnadani kwa bei inayoizidi sana ile ya dukani.

Thamani hiyo haitokani na madini. Mnunuzi anajua kilitoka mwaka gani, kilikuwa na nambari ipi katika katalogi na, mara nyingi, kilichongwa na nani. Majina ya pacha Alan na Michael Perry, kwa mfano, yanafahamika sana miongoni mwa wakusanyaji. Hata aliyekipaka rangi hutajwa. Ajabu ni kwamba visanamu hivyo hutolewa kwa kalibu kwa maelfu, ilhali cha kwetu huchongwa kwa mkono kimoja kimoja.

Biashara hii ina historia. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu, Machakos, alijifunza ufundi huo Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha akaurejesha nyumbani. Mwaka 1958 mwanauchumi Walter Elkan aliandika juu ya biashara ya vinyago Afrika Mashariki, na katika habari hiyo Wakamba si wachongaji tu, bali pia ndio wachuuzi walioifikisha kazi yao mijini na kwa wageni. Baadaye vilizaliwa vyama vya ushirika, kikiwemo kile cha Changamwe, Mombasa, ambako mchongaji hutambulishwa kwa nambari ya uanachama iliyo kwenye kazi yake. Nambari hiyo humwezesha kulipwa. Kwa mnunuzi wa pili au wa tatu, aliye Chicago au London, haina maana yoyote.

Wapo wanaodai kwamba dawa ni kijana wa Ukambani kujiuzia mwenyewe mtandaoni. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Malipo yamekuwa mepesi kiasi tangu Aprili 2018, Safaricom na PayPal zilipounganisha huduma zao. Lakini muuzaji mpya huingia mnadani bila alama za sifa kutoka kwa wanunuzi wa awali, na asiye na alama huaminiwa shingo upande. Gharama ya kusafirisha kifurushi kimoja inaweza kuzidi bei ya kinyago chenyewe. Isitoshe, Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa vifurushi vidogo Julai 1, 2021, na Marekani ikasitisha ule wa ushuru kwa bidhaa zisizozidi dola 800 mnamo Agosti 29, 2025. Anayeuza kimoja kimoja ndiye huumia zaidi kuliko anayejaza kontena.

Wakulima wa Kathonzweni wanamfahamu dalali tangu zamani, kupitia ndengu na maembe. Kwa maembe, serikali ya kaunti ilithubutu kujenga kiwanda cha matunda Kalamba, kilichozinduliwa 2017. Kwa kazi za mikono, vikiwemo vyondo vinavyosukwa na akina mama, jitihada ya aina hiyo haijaonekana kwa uzito uo huo.

Wala si lazima kujenga kiwanda. Vyama vya ushirika vinaweza kuweka mtandaoni sajili ya wanachama, ili anayeokota kinyago katika soko la mitumba huko ughaibuni aitafute nambari na kukuta jina, kijiji na mwaka. Mchongaji naye aache kutegemea karatasi iliyobandikwa, ambayo hung'oka kabla ya meli kuondoka Kilindini, achonge jina lake chini ya kwato za twiga. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na patasi tayari anayo mkononi.