Pesa kwa simu, alama kwa ukuta

Hapa Mapendo, mtaa wa Goma, mama muuza sambaza akitumiwa faranga 5,000, simu yake inalia kabla mteja hajapiga hatua kumi. Ujumbe unamwambia kiasi, saa, jina la aliyetuma, namba ya muamala na salio. Asiyejua kusoma humpa mtoto amsomee. Ujumbe usipoingia, samaki hawatoki kwenye beseni, hata mnunuzi awe shemeji yake.

Mama huyo huyo anasomesha binti chuo kikuu. Akiuliza, "Mwanangu, umefaulu?", anajibiwa kwamba karatasi bado haijabandikwa kwenye valvu, ubao wa matangazo. Wiki inapita, ya pili inapita. Siku karatasi inapotoka, imechapwa kwa wino hafifu, imegongwa muhuri, na wanafunzi mia mbili wanasukumana mbele ya ukuta mmoja kutafuta majina yao.

Binti wa dada yangu alilikuta jina lake hivyo. Kwenye somo moja palikuwa na kistari tu, hakuna alama. Mtihani aliufanya, wenzake aliokaa nao dawati moja wanashuhudia. Asistenti akamtuma kwa katibu wa juri ya mitihani. Katibu akamtuma kwa profesa. Profesa alikuwa mgeni, alishaondoka Goma. Mtoto akaambiwa aende sesyo ya pili ya mitihani, na alipie. Akalipa. Karatasi yake ya mtihani wa kwanza haijaonekana mpaka leo, na hakuna aliyemwambia hata pole. Jina la chuo silitaji, kwa sababu mzazi yeyote wa mji huu anaweza kukisimulia kisa hiki akaweka chuo kingine.

Na minervali yake, yaani karo, chuo hicho kilipokea kwa simu. Tangu kundi la wapiganaji la M23 lilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 na benki kufunga milango, pesa ya mji huu imehamia kwenye simu, ya vyuo ikiwemo. Kwa hiyo nawauliza wakuu wa vyuo vyetu uso kwa uso: mnawezaje kuijua namba ya simu ya mwanafunzi siku ya kumdai, mkaisahau siku ya kumjibu?

Msituambie kwamba Kongo haijafika huko. Kwa miaka mingi sasa mtoto aliyefanya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, hutuma msimbo wake kwa ujumbe wa simu, akarudishiwa matokeo na asilimia yake. Awe Walikale au Kinshasa, njia ni ile ile. Tunaijua furaha yake: unga unamwagwa vichwani, nyimbo zinapigwa hadi usiku. Mtoto wa sekondari anaheshimiwa kiasi hicho. Akivuka kizingiti cha chuo kikuu, alikokwenda kutafuta elimu ya juu, heshima hiyo anaiacha mlangoni.

Kati ya siku ya mtihani na siku ya valvu kuna giza, na kila uovu tunaoulalamikia unaishi humo. Humo alama zinauzwa. Humo silabusi inageuka kodi, na asiyeinunua jina lake linaandikwa pembeni. Humo msichana mwenye akili anaitwa "kuzungumza" mahali pasipo ofisi. Matabishi, yaani hongo, hayawezi kufanya kazi pale ambapo alama imeandikwa saa ile ile mtihani uliposahihishwa, jina la aliyeiandika lipo, na mwenye alama ameshaiona.

Ninachodai si kikubwa. Alama ikiingizwa, mwanafunzi apate ujumbe. Alama ikibadilishwa, apate ujumbe wa pili: nani kabadilisha, lini, kutoka ngapi kwenda ngapi, kwa sababu gani. Juri nayo iupate. Sharti hili la pili ndilo la lazima kabisa, maana kompyuta bila kumbukumbu ya mabadiliko ni ukuta mwingine tu. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Makerere kililazimika kuwasimamisha kazi wafanyakazi waliotuhumiwa kubadilisha alama ndani ya mfumo wa kompyuta. Wizi ulikuwa umehama kutoka kwenye karatasi ukaingia kwenye kioo. Anayetaka kutuuzia mashine bila kumpa mwanafunzi jicho la kuichungulia asipewe hata faranga moja.

Kisha kuna dipuloma yenyewe. Mwajiri wa Goma akipokea dipuloma kumi hana njia nyepesi ya kujua ipi ya kweli, kwa hiyo anaishia kumwamini anayemfahamu. Mtoto wa fukara aliyesoma kwa mshumaa anakaa foleni moja na aliyenunua karatasi, na wote wawili wanatiliwa shaka sawasawa. Tanzania walipolinganisha vyeti vya watumishi wa umma na kumbukumbu za mitihani, mwaka 2017 wakatangaza watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Mwaka 2024 Kenya nayo ikatangaza 2,067. Aibu hiyo iliwezekana kuanikwa kwa sababu kulikuwa na daftari la kulinganishia. Sisi daftari letu liko wapi? Liko kabatini, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu.

Kabati, katika mji huu! Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, uji wa moto ukapita Birere na katikati ya mji hadi ziwani. Ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Siku tano baadaye mitaa 10 iliamriwa kuhama, na Mapendo ulikuwa mmojawapo. Siku hiyo nilibeba mtoto mgongoni na bahasha ya dipuloma kifuani, kwa sababu nilijua wazi kwamba bahasha ile ikiungua hakuna ofisi itakayonirudishia miaka yangu. Moto, vita, uporaji, vyote vimeshapita hapa. Rejista za UNIGOM, za ULPGL, za kila chuo cha mji huu, zinastahili nakala zilizotunzwa mbali na volkano hii, zaidi ya mahali pamoja.

Hapa lakini nasimama, na naomba kila mwenye mamlaka asome polepole. Goma si mji wa kukusanya habari za watu ovyo. Fomu zetu za kujiandikisha bado zinauliza jina la baba, la mama, teritwari na sekta ya asili. Hapa kwetu, anayejua sekta ya asili yako anadhani ameshajua kabila lako, na tumezika watu kwa dhana kama hiyo. Orodha ya namna hiyo ikiwa ndani ya mashine moja ni silaha, inamngoja tu atakayeishika, na hakuna anayejua nani ataushika mji huu kesho. Chuo kinahitaji jina, namba ya mwanafunzi, alama na malipo. Zaidi ya hapo kifute. Code du numérique, sheria ya kidijitali ya Kongo ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi. Vyuo vinavyofundisha sheria vianze kuitii ndani ya ofisi zao. Na majina ya walioshindwa yaondoke ukutani. Alama ni ya mwenyewe.

Mtandao unakatika, najua. Umeme unakatika. Lakini ujumbe wa simu unasubiri. Simu ikiwaka, unaingia. Mama wa sambaza anaishi na mtandao huo huo na biashara yake haijafa.

Wazee wetu marekta, deliberasyo ijayo, kikao cha juri, haiko mbali. Anzeni na kitivo kimoja, na mwaka wa kwanza peke yake. Nanyi wazazi wenzangu, mkienda kulipa minervali ya muhula ujao, kabla hamjabonyeza namba ya siri ulizeni: alama za mtoto wangu nitazipata kwa simu hii hii, siku gani? Msiondoke dirishani mpaka mjibiwe.