Hiyo National ya Guka Yako Si Takataka, na Pia Si Milioni Tano

Wacha nianze na kukiri. Mwaka jana mwezi wa nane nilinunua redio ya mzee mmoja pale Illasit kwa soo saba. Baada ya siku nne nikaiuza Kitengela kwa 8,500. Sikumdanganya. Aliniuliza nina ngapi, nikasema 700, akasema sawa, tukasalimiana mikono. Kama una roho ya biashara najua sai unanipigia makofi. Hata mimi nilijipigia. Nilikula nyama, nikalipa nyumba, nikapost picha ya hiyo redio nikaandika "kazi inaongea".

Ndiyo nataka tuongelee hiyo kazi.

Kwa wale mmekua mkijua redio ni kitu cha matatu, hebu nieleze kidogo. Redio za wazee wetu zilikuwa na FM, halafu zina MW, halafu zina SW1, SW2, wakati mwingine SW3. Hiyo SW ni masafa mafupi, na ndiyo yenye uchawi. FM ikitoka kwa mnara inaenda moja kwa moja, ikifika nyuma ya kilima imeisha. Masafa mafupi yanapanda juu kabisa, yanagonga tabaka fulani la anga, yanarudi chini maelfu ya kilomita mbali. Ndiyo maana mtu akiwa amekaa nje ya boma huku Rombo, hana stima, hana mnara, angeweza kusikia London ikimwongelea Kiswahili. BBC ilianza Kiswahili 1957, Sauti ya Amerika 1962, Deutsche Welle 1963. Yaani kabla Kenya ipate bendera, tayari kulikuwa na mtu studioni mbali huko anatafuta neno la Kiswahili la kusema "baraza la mawaziri".

Na redio zenyewe hazikuwa za kuchezewa. National ilikuwa na kiwanda Dar es Salaam, hapo tu jirani, kikitengeneza redio na betri. Huku kwetu betri zilikuwa za Eveready kutoka Nakuru, zile za paka, mpaka kiwanda kikafungwa 2014. Guka yangu alikuwa anazianika juani zikiisha nguvu ili azibembeleze zifike taarifa ya saa tatu. Kuna wazee bado wanafanya hivyo.

Sasa, kwa nini hizi redio zimepanda bei wakati vituo vyenyewe vinapungua? Hapo ndipo watu wengi wanachanganyikiwa, na mimi nilichukua muda kuelewa. BBC ilizima masafa mafupi ya kuelekea Amerika Kaskazini tangu 2001. Mwaka jana mwezi wa tatu Sauti ya Amerika ilinyamazishwa na serikali yake yenyewe, idhaa ya Kiswahili ikiwemo. Ungetarajia redio ziwe za kutupwa. Lakini kampuni kubwa nazo zimeacha kuzitengeneza. Sony walikuwa na ICF-2010, iliyotoka 1985, na baadaye ICF-SW7600GR, na hizo mbili watu wa Marekani na Japani wanazisaka mpaka leo kwa mamia ya dola. Zilizobaki duniani ndizo hizo, na kila mwaka zingine zinaanguka, zinaliwa na asidi ya betri, au mtoto anang'oa antena afanye upanga. Idadi inapungua, wanaotaka hawapungui.

Halafu wanaotaka ni watu tofauti sana. Kuna wakusanyaji wa ukweli, wazee fulani na vijana wachache wanaojua kila transista ndani. Hao nawaheshimu, wakikuuliza swali unaona aibu. Kuna wale wanaoogopa dunia itazimika, wanataka redio kando ya unga na mishumaa. Na kuna watu wa kafe na Airbnb wanaotaka kitu cha mbao cha kuweka kwa rafu nyuma ya mteja anayepiga picha. Hao wa mwisho ndio walinilipa mimi, na hawakuuliza hata kama inaongea. Waliuliza kama kifuko cha ngozi ni cha asili.

Kabla hamjakimbia nyumbani kupekua kabati ya shosho, kuna uongo unaozunguka lazima tuuvunje. Kuna video zinasema redio na TV za zamani zina "zebaki nyekundu" ndani, na kuna mtu sijui wapi atakupa milioni tano. Hakuna kitu kama hicho. Haipo ndani ya redio, haipo popote. Mwaka 2009 uvumi huo ulishika Saudi Arabia, watu wakanunua mashine za kushona za Singer kwa bei za wazimu. Walikuwa wanaweka simu karibu na sindano, ati laini ikikatika basi dawa imo. Leo ni redio, kesho itakuwa pasi ya makaa. Mtu akikuambia tuma kwanza pesa ya "kupima", huyo ndiye anataka kukupima wewe. National ya kawaida iliyotunzwa itakupa maelfu, si mamilioni. Na bei unayoona mtu ameandika Jiji au Marketplace ni ndoto yake tu. Ukitaka bei ya kweli angalia zile zimeshauzwa.

Turudi Illasit.

Nilipata hii biashara baada ya kutoka chuo. Mwaka wa pili, karo imekwama, mambo ya nyumbani sitaki kuyaeleza hapa. Nilikuwa nalala kwa beste yangu Kitengela nikifanya video za vitu vya zamani, na siku moja mtu akaniuliza kama naweza kumtafutia redio. Nikafikiria nyumbani. Loitokitok siku ya soko unaona wazee wameketi na redio kifuani kama mtoto. Nikapanda gari.

Yule mzee nilimsalimia vizuri, nikainamisha kichwa akanigusa, nikaketi. Alikuwa na National kuukuu ya kifuko cha ngozi, imefungwa na raba ya tairi la baiskeli pale kifuniko cha betri kilipovunjika. Inaongea safi. Akaniambia aliinunua mwaka aliouza ng'ombe wake wa kwanza kwa bei yake mwenyewe, bila kaka yake mkubwa kusimama hapo. Niliskia hiyo stori, nikaipenda, na ukweli ni kwamba nikiwa naiskia nilikuwa nahesabu. Hiyo stori nilimpa mnunuzi wa Kitengela na ndiyo iliongeza bei kutoka 6,000 hadi 8,500. Stori ya mzee ilikuwa na thamani ya thao mbili unusu, na mzee hakupata hata ndururu ya stori yake.

Mwezi wa kumi nikarudi nyumbani. Mnakumbuka tarehe 29 Oktoba, siku ya uchaguzi Tanzania. Intaneti ikazimwa upande ule na ikachukua siku kadhaa kurudi. Kama unaishi Nairobi uliona tu kama habari. Kwetu Tanzania ni pale, unavuka ukinunua maharagwe. Simu yako ikikosea inashika mtandao wao na kukukaribisha nchini ukiwa bado kitandani kwako. Kila familia iko na mtu Tarakea au Rombo ya huko. Yule mzee yuko na binti ameolewa huko na wajukuu wanne.

Alinikuta stendi. Hakuwa amenikasirikia, hiyo ndiyo iliniumiza. Akasema, "Kijana yangu, wewe una simu kubwa. Nisomee kunaendelea nini huko."

Nikatoa simu, bando niko nayo, nikaanza. Nikamwonyesha video. Akauliza, "Huyu ni nani?" Nikasema sijui, mtu tu. Nikafungua nyingine. "Hii ni wapi?" Imeandikwa Arusha, lakini mwingine ameandika hiyo hiyo ni Mwanza. "Nani amesema?" Sina jibu. Nimekaa miaka mitatu nikijiita mtu wa habari za mtandaoni na mzee asiye na simu kubwa alinimaliza kwa maswali matatu. Mwishowe akanyamaza, akaangalia ule mlima, akasema kule kwa redio mtu alikuwa anataja jina lake kwanza, na mji aliko, ndipo anaongea. Halafu akaniuliza kama ile redio yake iko salama.

Nikamwambia iko salama. Ni ukweli, iko kwa rafu, juu ya mashine ya kahawa. Haina betri.

Najua mtaniambia nini. Soko ni soko. Mzee alikubali. Hata angekuwa nayo, haingemwambia binti yake amelala vipi. Yote ni kweli, na hiyo ya mwisho nimejiambia mara nyingi usiku. Mtaniambia pia kwamba masafa mafupi yanakufa, kwa hivyo afadhali redio iende kwa mtu atakayeitunza. Hapo ndipo nakataa. Urusi ilipovamia Ukraine 2022, BBC walirudisha matangazo ya masafa mafupi kuelekea huko. Vita vya Sudan vilipoanza 2023 wakafungua redio ya dharura ya Kiarabu. Hawa ni watu walikuwa wanaifunga kila mwaka, na mambo yalipoharibika waliikumbuka. Sisi wenyewe tarehe 25 Juni 2024 tulikuwa barabarani na intaneti ikalegea mikononi. Mwaka uliofuata, tarehe hiyo hiyo, stesheni za Kenya zikaambiwa ziache kurusha maandamano moja kwa moja, mitambo ikazimwa mpaka korti ikaingilia. Kwa hivyo usiniambie hiki kitu ni pambo. Ni pambo kwa mtu ambaye hajawahi kuzimiwa.

Shida yangu si wakusanyaji. Bila wao nusu ya hizi redio zingekuwa dampo, na mafundi wachache wa Luthuli wanaojua kufunga ule uzi wa kusukuma mshale wangekuwa wameacha kazi. Shida yangu ni sisi wa katikati, mabroka wa miaka ishirini na mbili wenye intaneti, tunaokwenda kwa mtu asiye nayo. Yeye anajua bei ya mbuzi kuliko sisi wote. Ukimletea mchezo kwa mbuzi atakucheka mpaka Kimana. Kwa redio hajui, na sisi tunajua hajui, na hiyo pengo ndiyo faida yote. Hatujaongeza chochote. Hata kufuta vumbi sikufuta, mnunuzi alitaka vumbi.

Sai nikienda kwa mtu natoa simu kwanza. Namwonyesha zilizouzwa kwa ngapi, namwambia nikiiuza mimi nitachukua nauli yangu na robo. Wawili wamekataa kuuza baada ya kuona bei, mmoja akaipeleka mwenyewe kwa mjukuu Nairobi, akaniacha nimekaa hapo na chai. Nimepoteza doh, ndiyo. Na kama redio bado inaskizwa kila jioni, siinunui hata nikipewa. Nanunua ile imelala juu ya kabati na betri zilizooza ndani. Na nyinyi mnaoiba redio ya babu akiwa shambani mkaniletea picha: naonaga ukuta nyuma, naona kalenda ya kanisa, najua mtaa. Msinitumie.

Nilirudi kwa yule mama wa kafe kuuliza kama ataniuzia. Alikuwa mpole sana. Akasema wateja wameizoea, lakini kwa 15,000 anaweza kufikiria. Sikuwa na 15,000. Nilikuwa na nne.

Nikaenda Luthuli nikanunua ya Kichina, mpya, ina SW, ina tochi, ina kipande cha sola mgongoni. Nikamfundisha mzee: mchana tafuta namba za juu, jua likizama shuka kwenye mita 49 na 41, na usiiweke karibu na chaja ya simu au taa za sola za bei rahisi, zitaifanya inung'unike. Akanisikiliza kwa heshima, kama vile hajashika masafa mafupi tangu kabla baba yangu azaliwe. Halafu akazungusha kidude kidogo kidogo, sikio limeegemea, mpaka akapata sauti ya mtu.

Akasema inaongea kama nyuki ndani ya kopo. Akaitundika kwenye msumari ule ule.