Kabla ya Kuuliza Kodi, Uliza Dirisha



Wapenzi wasomaji, mwezi huu sitaandika juu ya chanjo wala juu ya lishe ya mtoto. Nataka tuzungumze juu ya vyumba vya kupanga, na hasa vyumba vilivyomo ndani ya nyumba kuukuu. Huenda mwingine akauliza, muuguzi ana habari gani na nyumba za watu? Nami namjibu kwamba wagonjwa wengi tunaowapokea wodini hawakuugulia njiani. Wameugulia pale wanapolala.

Kila mwaka, korosho zikishauzwa, vijana wa Matambarale na vijiji vya jirani hufunga mizigo na kwenda kutafuta chumba Ruangwa au Nachingwea. Mmoja anaanza biashara, mwingine anafuata kazi, mwingine amepeleka watoto shule. Nako Matambarale wageni wanakuja kwa sababu ya machimbo ya kinywe. Vyumba vimekuwa vya kugombewa. Chumba kilichokuwa stoo ya mbaazi sasa kina mpangaji, mke na watoto wawili.

Tuanze na nyumba zenyewe. Mji wa Nachingwea ulikua kwa sababu ya mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947. Ikajengwa bandari Mtwara, ikajengwa na reli ya kubeba karanga kutoka bara. Januari 1951 mradi ukafutwa, kwa kuwa karanga zilishindikana. Baadaye na reli ikang'olewa. Lakini baadhi ya nyumba za enzi zile zimebaki, pamoja na nyumba za zamani za wafanyabiashara katika miji yetu. Watu huzidharau kwa sababu rangi imebabuka na paa lina kutu. Mimi nasema tusizidharau. Waliozijenga hawakuwa na feni, walitegemea upepo. Ndiyo maana utakuta dari liko juu, madirisha ni mapana na yanatazamana, na baraza imezunguka ili jua lisipige ukuta.

Ubaya umekuja baadaye. Nyumba iliyojengwa kwa familia moja imegawanywa kwa mbao au matofali ipate wapangaji sita au wanane. Chumba kimoja kinapokatwa viwili, dirisha linabaki kwa mmoja na mwenzake anabaki na ukuta. Kisha baraza nayo inazibwa iwe chumba, na hapo dirisha la chumba cha ndani linafunguka kwenye kitanda cha jirani. Nyumba iliyokuwa inapumua imezibwa pua.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Uingereza nyumba kubwa za wakati wa Malkia Victoria, aliyetawala tangu 1837 hadi 1901, nyingi zilikuja kugawanywa hivyo hivyo zikawa za kupanga. Na kabla yake nchi hiyo ilikuwa na kodi ya madirisha, iliyoanza mwaka 1696. Mwenye nyumba alitozwa kadiri ya idadi ya madirisha yake, na watu wakayaziba kwa matofali ili kukwepa. Madaktari walilalamika kwamba kodi hiyo inawaua maskini kwa kuwanyima hewa na mwanga, na mwaka 1851 ikafutwa. Miaka michache baadaye, mwaka 1859, muuguzi Florence Nightingale alichapisha kitabu chake juu ya uuguzi, akaweka hewa safi chumbani kuwa jambo la kwanza kabisa la kumwangalia mgonjwa. Wakati huo hata kijidudu cha kifua kikuu kilikuwa hakijajulikana. Daktari Robert Koch alikitangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Sisi tunakijua, na bado tunaziba madirisha. Tofauti ni kwamba hatutozwi kodi ya dirisha. Tunaziba ili tupate kodi ya chumba.

Nitawasimulia kisa kimoja, bila kutaja mji wala mtu. Nyumba ilikuwa kuukuu, imegawanywa, na ina ujia mmoja mrefu wenye giza. Chumba cha mwisho alipanga kijana mchapakazi. Akaanza kukohoa. Mwezi ukapita, na wa pili ukapita. Alijua kabisa kwamba inafaa kwenda kupimwa makohozi, lakini mwaka uliotangulia mwenye nyumba alikuwa amemfukuza mpangaji aliyekutwa na kifua kikuu, akamtupia godoro nje mbele za watu. Kwa hiyo kijana akanunua dawa ya kikohozi dukani na kunyamaza. Ukuta wa pili alilala mama mmoja na binti yake wa miaka minne. Ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao usiofika darini, na upande wa mama hapakuwa na dirisha. Binti alipoletwa kwetu alikuwa amekwisha kukaza shingo, maana ugonjwa umeingia ubongoni. Mungu ni mwema, hakufa. Lakini hasikii tena. Mama yake alikuwa akimwita kwa jina pembeni ya kitanda, na mtoto anatazama dirishani.

Nani alimtia mtoto yule uziwi? Kijana? Alikuwa anaogopa kulala nje. Mimi naona kosa kubwa lilikuwa mara mbili: kuziba hewa, na kufukuza mgonjwa. Aliyeziba dirisha aliupa ugonjwa nafasi ya kuenea. Aliyefukuza mgonjwa wa kwanza aliwafundisha wapangaji wote kuficha kikohozi.

Tuelewe vizuri. Kifua kikuu hakienezwi kwa sahani, kikombe wala kusalimiana mikono. Kinaenea kwa hewa, mgonjwa anapokohoa, kupiga chafya au kuongea. Katika chumba kilichofungwa vijidudu huweza kuelea kwa saa nyingi. Upepo ukipita huvitawanya, na mwanga wa jua huviua. Kikohozi cha majuma mawili au zaidi ni cha kupimwa. Vipimo na dawa vya kifua kikuu hapa Tanzania hutolewa bure. Matibabu kwa kawaida huchukua miezi sita, na mgonjwa anayetumia dawa zinazomfaa sawasawa huacha kuambukiza baada ya majuma machache. Kwa hiyo mpangaji aliye kwenye dawa si hatari kama yule aliyejificha. Ukimfukuza wa kwanza, unabaki na wa pili.

Najua majibu ya wenye nyumba, maana nimeyasikia. Wanasema dirisha linaleta mwizi. Sawa, weka nondo. Wanasema linaleta mbu. Sawa, weka wavu, na mpangaji alale ndani ya chandarua. Wanasema wapangaji wenyewe hawalalamiki, tena wanapenda chumba cha bei nafuu. Hili ndilo linaloniumiza zaidi. Mtu aliyetoka kijijini na kodi ya miezi sita mkononi hana nguvu ya kuchagua. Kukubali kwake si ruhusa ya kumfungia kwenye sanduku.

Nawe unayekwenda kupanga, usione haya kukagua. Dalali atakuharakisha; mwambie asubiri. Yatazame haya:

1. Dirisha. Kanuni ya zamani ya afya ya majengo ni kwamba dirisha lisipungue sehemu moja ya kumi ya sakafu. Chumba cha mita 3 kwa 3 kina mita 9 za mraba. Dirisha lake lifike karibu mita moja kwa mita moja. Lifungue ulione kwa macho. Mengine yamepigiliwa misumari.

2. Upepo wa kupita. Dirisha moja na mlango mkabala vinatosha kupitisha hewa. Pasipo na tundu la pili, hewa hukaa palepale.

3. Unyevu. Tazama pembe za dari na ukuta wa chini. Ukiona ukungu mweusi au wa kijani, ujue maji yanaingia. Mtoto mwenye pumu atateseka humo. Kupaka rangi juu ya ukungu hakusaidii, mpaka panapovuja pazibwe.

4. Rangi ya zamani. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi. Zikibabuka, watoto wadogo huokota magamba na kuyala, na risasi hudhuru ubongo wao. Usikwangue ukuta mkavu ukajaza chumba vumbi. Lowesha kwanza, watoto wakiwa mbali.

5. Paa la asibesto. Likiwa zima, liache. Usilitoboe, usilikate wala kulivunja, maana vumbi lake huharibu mapafu na huweza kuleta saratani miaka mingi baadaye.

6. Nyufa za sakafu na kuta za udongo. Humo hujificha papasi, ambao huuma usiku na kuleta homa inayokwenda na kurudi, hatari hasa kwa mama mjamzito. Ziba nyufa, na usilale chini.

7. Nyaya za umeme. Waya ulio wazi au soketi inayotoa cheche ni sababu ya kuondoka, hata kama bei ni nzuri.

8. Mahali pa kupikia, choo na maji. Uliza wapangaji wangapi wanatumia choo kimoja, na jiko la mkaa linawekwa wapi. Usiingize kamwe jiko la mkaa ndani ya chumba ulichofunga, hata mvua ikinyesha, hata kama moto unaonekana umeisha. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi. Humlaza mtu asiamke.

Ukikuta kasoro, zungumza na mwenye nyumba kabla ya kutoa fedha. Ukishalipa, maneno yako yamepungua uzito. Na mkikubaliana kwamba atatoboa dirisha, liandikwe kwenye mkataba.

Sasa niseme na familia za parokia, kwa sababu wenye nyumba hawa si watu wa mbali. Ni sisi tunaokaa viti vya mbele Dominika. Someni Kitabu cha Walawi, sura ya 14. Humo nyumba yenye madoa ya kijani au mekundu ukutani inaitiwa kuhani. Vitu vinatolewa nje, nyumba inafungwa siku saba, mawe yenye madoa yanaondolewa, kuta zinakwanguliwa na kupigwa lipu upya. Wazee wale waliona kwamba ugonjwa wa nyumba ni jambo la kupelekwa mbele ya Mungu. Na Papa Yohane wa 23, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, alitaja makazi pamoja na chakula, mavazi na matibabu miongoni mwa haki za binadamu. Basi kuwapa watu hewa ni deni letu, hatuwezi kuliita sadaka.

Nakiri na langu. Mimi nami ni mwenye nyumba. Nyuma ya nyumba yangu nina vyumba viwili vya kupangisha, na kimoja kwa miaka mingi kilikuwa na tundu dogo tu juu ya mlango. Nilikuwa nafundisha akina mama hewa safi kliniki asubuhi, na jioni napokea kodi ya chumba kisicho na hewa. Baada ya yule binti kutoka wodini sikuweza tena. Nilimwita fundi, akatoboa ukuta, akaweka dirisha, nondo na wavu. Gharama yote haikuzidi kodi ya miezi mitatu. Siku hiyo mpangaji wangu alisimama katikati ya chumba, akatazama ukutani na kusema, "Mama, kumbe huu ukuta una rangi ya samawati!" Alikuwa amekaa humo miaka miwili.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwatembelee wapangaji wapya katika eneo lake, na ikikuta mtu anakohoa majuma mawili, imsindikize kituo cha afya na impitie kila juma mpaka amalize dawa. Ikae pia na mwenye nyumba wake, asimfukuze. Pili, mwenye nyumba yeyote miongoni mwetu mwenye chumba kisicho na dirisha asikipangishe tena mpaka atoboe ukuta. Akose kodi ya miezi michache. Kuna mtoto mmoja ambaye hatausikia wito wa mama yake maisha yake yote, na ukuta uliomfanya hivyo ungetobolewa kwa siku moja.

Mungu awabariki, awalinde na nyumba zenu.