Goma–Kinshasa ni saa mbili tu. Sababu gani tunazunguka hadi Nairobi?

Wandugu, ukipima kwenye ramani kutoka kiwanja cha ndege cha Goma mpaka Ndjili, Kinshasa, utakuta kilomita karibu 1.560 kwa mstari ulionyooka. Kwa ndege kubwa ilikuwa safari ya saa mbili na kitu. Na kwa kuwa saa ya Kinshasa iko nyuma ya saa yetu kwa saa moja, aliyeruka saa nne asubuhi alishuka kule saa tano na nusu hivi, akakuta chakula cha mchana bado kiko motoni.

Kilomita hazijaongezeka hata moja. Lakini tangu M23 iingie Goma mwisho wa Januari 2025, ndege za abiria haziruki tena hapa. Februari, Kavumu ya Bukavu nayo ikafuata. Sasa mkaaji wa Goma anayekwenda kwenye mji mkuu wa nchi yake anavuka mpaka, anapanda gari kilomita karibu 160 mpaka Kigali, kisha anaruka zaidi ya 750 kwenda Nairobi, ni kusema Kinshasa ameipa mgongo. Kutoka Nairobi anarudi kilomita 2.400. Jumla ni karibu 3.300, mara mbili ya njia yenyewe, na mara nyingine kulala njiani. Na safari hii ya kwenda kwao anaombwa pasipoti!

Wengine wanafuata barabara ya Butembo, wanavuka mstari wa mapigano ili watafute ndege Mavivi, kule Beni. Walio wengi hawaendi popote.

Jirani yangu mmoja alipigiwa simu kwamba mtoto wake, mwanafunzi Kinshasa, amefariki. Alipokuwa bado anatafuta makaratasi na pesa za tiketi, mtoto akazikwa. Zamani baba angefika siku ileile.

Mwisho wa Oktoba, huko Paris, Rais Macron alitangaza kwamba kiwanja kitafunguliwa kwa ndege za misaada katika wiki zinazofuata. Novemba 2025 ilipokuwa inaisha, bado tulikuwa tunangoja. Misaada tunaihitaji, sibishi, na jamaa zilizokimbia vita zinaihitaji kuliko mimi. Lakini ndege inayoshusha unga na dawa haitamchukua mama aliyeandikiwa kupasuliwa Kinshasa.

Najua ugumu uko wapi: nani atakaa kwenye mnara, nani atapiga muhuri, nani atapokea ushuru. Basi hayo yazungumzwe Doha, ambako makubaliano yalitiwa sahihi tarehe 15 Novemba. Ninachoomba ni kwamba abiria wa kawaida nao waandikiwe tarehe yao, wagonjwa wakiwa wa kwanza, wasiachwe mpaka yote mengine yamalizike.

Kutoka Birere mpaka kwenye kiwanja hicho, mtu anaenda kwa miguu.